Kujenga kompyuta ya kuhariri picha: fedha ianzie kwenye monita, kadi ya grafiki isubiri zamu yake

#1. Mleta mada (Dar es Salaam)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mpiga picha wa harusi, na kila baada ya wiki chache kijana mmoja hunipigia simu akiwa tayari yuko Kariakoo, amesimama mbele ya kaunta, akiniomba nimwambie achukue kadi gani ya grafiki. Karibu mara zote huwa hajanunua monita wala hana mpango wa kuinunua, kwa sababu anakusudia kutumia ile ya zamani iliyobaki ofisini kwa mjomba wake. Nimeleta uzi huu ili nieleze kwa urefu jambo lisiloelezeka kwenye simu ya dakika tatu: kwa kazi ya picha za mnato, mpangilio wa fedha ni tofauti na ule wa kompyuta ya michezo, na anayefuata ushauri wa wacheza michezo hujikuta na mashine yenye kasi inayomwonyesha rangi zisizo za kweli.

Tuanze na kazi yenyewe. Mwisho wa wiki wa kawaida kwangu ni sendofu siku ya Ijumaa na harusi siku ya Jumamosi, kamera mbili za megapikseli 24, na jumla ya picha zipatazo 2,500. Faili moja la RAW (picha ghafi ambayo kamera haijaichakata) la kamera hizo lina takriban MB 30, kwa hiyo narudi nyumbani na GB 75 ambazo lazima zihamishwe, zipitiwe moja moja, zichujwe hadi zibaki mia sita hivi, zisawazishwe mwanga na rangi, chache zisafishwe kwa umakini kwa ajili ya albamu, na mwishoni zote zitolewe kama JPEG. Kila hatua hapo inaelemea kipande tofauti cha kompyuta. Kuhamisha na kupitia kunategemea diski, kusafisha uso kwenye Photoshop kunakula RAM, kutoa mamia ya JPEG kwa mpigo kunatumia viini vyote vya prosesa, na kuondoa chengachenga za picha zilizopigwa ukumbini gizani ndiko kunakoihitaji kadi ya grafiki. Maamuzi ya rangi, ambayo ndiyo mteja anayalipia, yanafanyika kwa jicho lako likitazama monita, na hakuna kipande kingine kinachoweza kufidia kasoro ya hapo.

Nayasema haya kwa sababu yalinigharimu. Mwaka wangu wa kwanza nilihariri kwenye kompyuta mpakato ya bei ya chini, mwangaza ukiwa umepandishwa hadi mwisho. Albamu ya kwanza kubwa iliporudi kutoka kuchapwa, suti nyeusi ya bwana harusi ilikuwa donge moja lisilo na mikunjo, na uso wa bibi harusi, ambaye ana ngozi nzuri ya maji ya kunde, ulikuwa umekolea wekundu kama wa mtu aliyeungua. Nilidhani wachapaji wamekosea, kumbe wao walichapa kile nilichowapa. Skrini iliyowaka kupita kiasi ilinifanya nione vivuli viko wazi, nami nikavipunguza mwanga. Na kwa kuwa skrini nyingi za bei hiyo huonyesha takriban theluthi mbili tu za wigo wa sRGB (rangi za kawaida zinazotumiwa na simu na mtandao), wekundu ulionekana umefifia, nami nikauongeza. Albamu ile niliirudia kwa fedha yangu.

Kwa hiyo kipande cha kwanza kwenye orodha yako kiwe monita ya paneli ya IPS (kioo ambacho rangi hazibadiliki ukikitazama kwa pembeni) inayofikia angalau asilimia 99 ya sRGB, ya inchi 24 au 27. Kwa inchi 27, ukubwa wa pikseli 2560 kwa 1440 unatosha sana. Monita ya 4K inapendeza, lakini ina pikseli milioni 8.3 dhidi ya milioni 3.7, na Lightroom, programu ya Adobe ya kupanga na kuhariri picha, italazimika kuzichora zote kila unaposogeza kitelezi kimoja, jambo ambalo mashine ya bajeti ya kati italihisi. Dell UltraSharp, ASUS ProArt na BenQ wana monita za namna hii. Mwenye uwezo zaidi atazame EIZO ColorEdge. Wigo mpana wa Adobe RGB una maana kwa anayechapa mwenyewe kwa printa nzuri ya wino, na ukweli ni kwamba baadhi ya rangi kali za vitenge na kanga, hasa buluu-kijani na kijani kilichokolea, hutoka nje ya sRGB. Lakini kama kazi zako zinaishia WhatsApp, Instagram na maabara inayopokea sRGB, usilipie wigo ambao mteja hatauona.

Pamoja na monita, nunua au azima kifaa cha kupimia rangi, kile kinachowekwa juu ya kioo na kusoma kinachotoka. Calibrite na Datacolor wanavitengeneza. Sisi wapiga picha wanne tulichanga tukanunua kimoja, kinazunguka kwa zamu, na kila mmoja anapima monita yake mara moja kwa mwezi. Lenga nyuzi za rangi 6500 za Kelvin, gama 2.2 (kipimo cha mng'ao wa toni za kati), na mwangaza kati ya kandela 100 na 120 kwa mita ya mraba. Siku ya kwanza utaona skrini imekuwa ya giza na ya manjano. Ivumilie siku tatu, jicho litazoea, na picha zilizochapwa zitaanza kufanana na unachokiona. Usiweke monita ikitazamana na dirisha, na kama ukuta wa chumba umepakwa rangi kali, upake upya rangi ya kijivu au nyeupe iliyotulia.

Sasa tuingie ndani ya kasha. Prosesa ya viini 6 hadi 8 ya kizazi cha karibuni inatosha, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi za Photoshop inategemea kasi ya kiini kimoja kuliko wingi wa viini. Chaguo langu kwa mtu wa kawaida ni AMD Ryzen 5 7600: viini 6, daraja la wati 65, inakuja na feni yake ndani ya boksi, na ina grafiki ndogo ndani yake, jambo nitakalolirudia hapa chini. Anayetoa picha nyingi zaidi achukue Ryzen 7 7700 yenye viini 8. Hizi hukaa kwenye soketi ya AM5, ambayo AMD imeahidi kuiendeleza hadi 2027 au zaidi, kwa hiyo mazabodi utakayonunua leo itapokea prosesa nyingine baadaye. Upande wa Intel, prosesa za Core i5 za kizazi cha 13 na 14 zinafanya kazi hii vizuri pia, ila soketi yake ya LGA 1700 imefika mwisho wake, na zile zenye nguvu kubwa za vizazi hivyo zilipata tatizo la kutotulia ambalo lilimfanya mtengenezaji atoe marekebisho ya maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) mwaka 2024 na kuongeza dhamana kwa miaka 2. Ukiinunua iliyotumika, hakikisha kwanza BIOS (programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha kompyuta) imesasishwa. Daraja la wati 65 ninalisisitiza kwa ajili ya joto: mwezi wa Februari chumba changu kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 32, na prosesa inayokula wati 200 ni jiko la pili ndani ya nyumba.

RAM ipigie hesabu mwenyewe badala ya kuuliza. Picha ya megapikseli 24 yenye biti 16 ina namba tatu kwa kila pikseli, kila namba baiti 2, kwa hiyo tabaka moja kamili ni takriban MB 144. Picha ya kusafisha uso yenye matabaka kumi imeshakaribia GB 1 na nusu kabla ya historia ya hatua ulizopiga, ambayo Photoshop huihifadhi pia. Kwa kamera ya megapikseli 45, tabaka hilo hilo ni MB 270. Ongeza Lightroom iliyo wazi, kivinjari na muziki, utaona kwa nini GB 16 zinabana na GB 32 zinapumua. Chukua vijiti viwili vya GB 16, wala si vinne vya GB 8, kwa sababu kwa prosesa hizo mbili za Ryzen kasi rasmi ya DDR5, aina ya RAM zinayoitumia, ni 5200 kwa vijiti viwili lakini hushuka hadi 3600 vikiwa vinne. Tatizo la sasa ni bei. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda sana, kwa kuwa viwanda vimeelekeza nguvu kwenye kumbukumbu za seva za akili unde. Kama fedha haitoshi, afadhali uanze na kijiti kimoja cha GB 16 na uongeze kingine cha aina ile ile baadaye, kuliko kununua viwili vya GB 8 ambavyo utavitoa vyote.

Kwenye diski, weka NVMe (SSD ya kasi inayochomekwa kwenye mazabodi) ya TB 1 kwa ajili ya mfumo, katalogi ya Lightroom na kazi za wiki hii, kisha diski ngumu ya kawaida ya TB 4 kwa kazi zilizokabidhiwa. NVMe ya kizazi cha 3 husoma takriban MB 3,500 kwa sekunde na ya kizazi cha 4 hufika 7,000, lakini kwa picha hutaiona tofauti hiyo; tofauti utakayoihisi ni ile ya kutoka kwenye diski ya kuzunguka yenye MB 150 hadi 200. Epuka NVMe za bei ya kutupwa zinazotumia chembe za QLC, maana akiba yake ya haraka ikijaa katikati ya kunakili GB 75, mwendo hushuka vibaya. Hapo hapo angalia kisoma kadi chako. Nimeona mtu mwenye NVMe ya kizazi cha 4 akinakili kwa kisoma kadi cha zamani chenye MB 90 kwa sekunde, yaani dakika 14 kwa harusi moja, ilhali kamera yake ina kadi za kumbukumbu za kasi za UHS-II ambazo zingemaliza kwa dakika 5 kama angenunua kisoma kadi kinachozistahili.

Kadi ya grafiki nimeiacha nyuma kwa makusudi. Kwa miaka mingi ilikuwa na kazi ndogo kwenye picha za mnato, hadi Aprili 2023 Adobe ilipoleta Denoise, zana ya kuondoa chengachenga inayotumia akili unde. Kwa sisi tunaopiga kumbi zenye taa za zambarau kwa ISO 6400, zana hiyo ni msaada wa kweli, na bila kadi nzuri picha moja inaweza kukuchukua dakika kadhaa badala ya sekunde. RTX 3060 ya GB 12 au RTX 4060 ya GB 8 zinatosha. Ya pili ina sifa ya kula wati 115 tu. Lakini kwa kuwa Ryzen 5 7600 ina grafiki yake ndani, unaweza kufanya kazi miezi minne au mitano bila kadi yoyote, ukikubali kwamba Denoise itakuwa ya kuacha usiku kucha, kisha uongeze kadi kwa malipo ya harusi mbili zijazo. Monita mbovu haikupi nafasi hiyo, kwa sababu albamu ikishachapwa imechapwa.

Pawasaplai iwe ya mtengenezaji anayejulikana, wati 550 hadi 650, yenye alama ya 80 Plus (kiwango cha kutopoteza umeme) ya Bronze au Gold. Usikubali ile inayokuja bure ndani ya kasha. Mashine niliyoieleza, na kadi yake ya RTX 4060, haivuki wati 300 ikielemewa, lakini umeme wetu haukai sawa, na pawasaplai dhaifu ikifa hufa pamoja na mazabodi. UPS ya VA 1000, ambayo kwa kawaida hubeba wati 600 hivi, inakupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Uliza kama inatoa wimbi safi la sine, kwa kuwa baadhi ya pawasaplai za kisasa huzima ghafla zinapopewa wimbi la mraba.

Kasha liwe na mbele ya wavu na vichujio vinavyotoka. Sisi wa pwani tuna vumbi, unyevu na chumvi ya bahari kwa pamoja. Lifungue na kulipuliza kila baada ya miezi 3.

Karibuni kwa maswali.

#2. Mchangiaji (Mwanza)

Mkuu, asante kwa somo hili. Mimi sina uwezo wa kununua vipya. Hapa kwetu kuna Dell OptiPlex na HP zilizotumika kutoka Ulaya, bei yake inavumilika. Je, naweza kuanzia hapo, au nitakuwa nimetupa fedha?

#3. Mleta mada

Ndugu yangu wa Mwanza, unaweza kabisa, ila kuna mambo ya kutazama kabla hujalipa. La kwanza ni kizazi cha prosesa. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka rasmi Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Kwa hiyo Core i5-8500 au i7-8700 zina maisha, lakini Core i7-6700 ambayo muuzaji ataisifu kwa sababu ni i7, iache. Vivyo hivyo kwa mashine kubwa za Xeon za miaka ya 2013 na 2014: zina viini vingi na sura ya kuvutia, lakini kiini kimoja kimoja ni cha polepole, nao umeme zinakula.

La pili ni umbo. OptiPlex nyembamba, ile ya kulala, haina nafasi ya kadi ya grafiki ya kawaida, na pawasaplai yake ni ya umbo lake pekee, huwezi kubadilisha kwa ya dukani. Tafuta ile ya mnara. Hata hiyo, chukulia kwamba itapokea tu kadi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme, yaani isiyozidi wati 75, mfano GTX 1650. Mashine ya i7-8700 yenye GB 32 za DDR4 na NVMe itahariri harusi zako bila kukuaibisha, na fedha uliyookoa iende kwenye monita. Hapo sibadilishi neno hata kwa mwenye bajeti ndogo.

#4. Mchangiaji (Zanzibar)

Kaka, shikamoo. Mimi napiga picha za hina na singo, na sina fundi wa karibu ninayemwamini. Wenzangu wananishauri Mac mini badala ya kujenga. Unaionaje? Na je, programu ya darktable inafaa kwa asiyetaka kulipia Adobe kila mwezi?

#5. Mleta mada

Marahaba, dada yangu. Mac mini yenye chipu ya M4, iliyotoka mwishoni mwa 2024, ni mashine nzuri kwa kazi hii, inakula umeme kidogo sana, na UPS ndogo tu itaibeba kwa muda mrefu. Kwa mtu asiye na fundi, hilo ni jambo kubwa. Ninachokuonya ni kwamba ya bei ya chini ina GB 16 za RAM zisizoweza kuongezwa kamwe na GB 256 za kuhifadhi, ambazo harusi tatu zitazijaza. Ukiichukua, panga bajeti ya SSD ya nje ya TB 1 tangu siku ya kwanza, na monita nzuri bado ni yako kuinunua. Kwa picha za hina hili lina uzito zaidi: hina nyeusi na piko kwenye ngozi ya kahawia ni tofauti ndogo sana za toni, na skrini duni itaziunganisha kuwa doa moja.

Darktable nimeitumia na ninaiheshimu. Ni ya bure kweli, inasoma RAW za kamera nyingi, na inatumia kadi ya grafiki kupitia OpenCL. Kujifunza kwake kunachukua muda mrefu kuliko Lightroom. Jipe mwezi mmoja wa picha za mazoezi kabla hujaiingiza kwenye kazi ya mteja.

#6. Mchangiaji (Nairobi)

Mkuu, nanunua wiki ijayo, vipande vyote kwa duka moja. Nikague nini kabla ya kutoka dukani?

#7. Mleta mada

Omba waiunganishe mbele yako na kuiwasha. Ingia BIOS uone prosesa na RAM zimesomwa kwa jina na kiasi ulicholipia, kisha uwashe EXPO (mpangilio unaoifanya RAM itembee kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi), kwa sababu mafundi wengi huiacha imezimwa na RAM ya kasi ya 6000 ikatembea polepole miaka yote. Monita ipitishe kwenye rangi moja moja, nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na buluu, ukitafuta pikseli zilizokufa na mwanga unaovuja pembeni. SSD na kadi za kumbukumbu zijaribiwe kwa programu ya H2testw, ambayo huzijaza hadi mwisho na kuzisoma tena, maana zipo bandia zinazojitangaza TB 1 huku ndani zikiwa na GB 64, na hutajua hadi picha za mtu zipotee. Jaribio hilo linachukua saa kadhaa, kwa hiyo kubaliana na muuzaji kwa maandishi kwamba utalifanya nyumbani na utarudisha ndani ya siku mbili likishindikana. Na kwenye risiti, namba ya utambulisho ya kila kipande iandikwe kando kando, kwa kuwa risiti inayosema "kompyuta moja" haitakusaidia siku kadi ya grafiki itakapoharibika.